Chogo, Kioo na Laki Tatu Zako: Nani Hasa Huamua Ubadilishe TV?

Wadau, kabla hujakimbilia Kariakoo na laki tatu mfukoni kwa sababu TV ya nyumbani imezima, nipe dakika kumi. Kuna historia hapa ambayo shuleni hatukufundishwa, na watu wake hawana majina kwenye kitabu chochote. Ni ya yule baba aliyekuwa na TV peke yake mtaa mzima. Ni ya fundi ambaye banda lake lilijaa machogo yaliyofunguliwa mgongo. Ni ya mama aliyevunja kibubu ili watoto wake waache kuning'inia kwenye dirisha la jirani. Waliokata utepe tunawajua, picha zao zipo. Hawa wengine ndio walioifikisha TV sebuleni.

Na ukiifuata historia yao unagundua kitu kimoja cha ajabu: mara nyingi tunabadilisha TV wakati TV yenyewe haijafa. Kilichokufa ni kitu kingine, pengine mawimbi, pengine taa, pengine programu, halafu sisi tunazika mwili mzima na kwenda kununua mwingine. Hela ya ada, hela ya kodi, hela ya mtaji imepotea hapo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Twende taratibu.

Kenya ilianza kurusha matangazo ya TV mwaka 1962, kabla hata ya uhuru. Uganda ikafuata 1963. Zanzibar wao, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaruka darasa: hawakupita kwenye picha nyeusi na nyeupe, wakaanza moja kwa moja na rangi. Afrika Kusini, pamoja na migodi yake yote ya dhahabu, matangazo yake ya TV yalianza rasmi Januari 1976. Yaani kisiwa cha karafuu kinaangalia rangi, Johannesburg bado wanasikiliza redio. Mtu wa Unguja akikuringia kwa hili mwache aringe, ana haki yake.

Bara je? Kimya. Sera ya wakati ule iliiona TV kama anasa ya wachache, na redio ndiyo ikawa chombo cha wananchi. Kituo cha kwanza kilichoshika kweli, ITV, kilianza 1994. Miaka yote ya kabla ya hapo aliyekuwa na TV Dar alikuwa nayo kwa sababu mbili tu. Ama alikuwa na deki ya video na kanda zake, ama alikuwa na antena ndefu juu ya bati ikitazama baharini, akivizia TV ya Zanzibar siku mawimbi yakiwa na huruma. Wazee wa Dar watakwambia kuhusu mtoto aliyekuwa anapandishwa juu ya paa kuzungusha bomba la antena huku ndani wanapiga kelele, "Hapo hapo! Rudi kidogo! Umepitiliza!" Yule mtoto ndiye rimoti ya kwanza ya nchi hii.

Sasa sikia kisa cha mafundi, maana ndicho kinachobeba hoja yangu yote.

TV nyingi za mwanzo zililetwa na mabaharia, na watu waliokuwa na ndugu Uarabuni au Uingereza. Jamaa anashuka bandarini na mzigo wake, anafika nyumbani, anawasha, picha inakuja safi kabisa. Sauti hakuna, ni shhhhh tu. Mtaa mzima umejaa sebuleni, mwenye TV anatoka jasho. Wanasema ameuziwa mbovu, ameingizwa mjini. Kumbe TV haina tatizo lolote. Ni kwamba Uingereza walikuwa wanatumia mfumo ambao sauti inasafirishwa megahezi 6 juu ya picha, na Kenya na Tanzania Bara tulikuwa kwenye mfumo wa megahezi 5.5. TV ilikuwa inaitafuta sauti mahali ambapo haipo. Fundi aliyejua hilo alifungua mgongo, akabadilisha vichujio viwili vitatu vidogo kama punje za mahindi, akafunga, na sauti ikaja. Asiyejua alisema, "Mzee, hii imekufa, niachie kwa spea."

Umeona? Tangu siku ya kwanza swali halikuwa "TV gani nzuri?" Swali lilikuwa "kilichoharibika ni nini hasa?"

Baada ya 1994 mambo yakalipuka. Vituo vikaongezeka, TV ya Taifa ikaja karibu na mwaka 2000, na kitaani ikazaliwa taasisi ambayo haijawahi kupewa heshima yake: kibanda umiza. Chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, chogo moja la inchi 21 limefungiwa kwenye sanduku la chuma kama mahabusu, na jamaa mlangoni anakusanya hela. Kwa wengi wetu Kombe la Dunia la 2002, Senegal anampiga Ufaransa bao moja kwenye mechi ya ufunguzi, lilionekana humo, joto la kukuua na mtu amekukalia mgongoni. Mwenye kibanda ndiye mtaalamu wa kwanza wa kuchagua TV ya bei nafuu, maana kwake ile ilikuwa biashara. Hakuangalia urembo. Aliangalia: spea zipo? Fundi wa hapa anaijua? Ikipigwa na umeme wa kupanda na kushuka inavumilia?

Chogo lilivumilia. Lile umbo la kichwa cha nyuma halikuwa la mapambo. Ndani kulikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyotolewa hewa yote, na nyuma kabisa kuna kitu kinachorusha elektroni kuelekea mbele, kwenye uso unaouona. Ili miale ienee mpaka kwenye kona zote inahitaji safari, na safari ndiyo ile chogo. Kioo kikiwa kikubwa, chogo linarefuka. Ndiyo maana inchi 29 ilikuwa inabebwa na wanaume wawili na mlango unang'olewa. Humo ndani volti zilipita 20,000, na fundi aliyetaka kuendelea kuwa hai alianza kwa kumwaga ule umeme kwa bisibisi iliyofungwa waya kabla ya kugusa chochote.

Na lile la kuipiga kofi picha ikipotea, mnakumbuka? Halikuwa ushirikina. Joto la kila siku lilikuwa linapasua risasi ya kuunganishia kwenye bodi, nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kofi lilirudisha vile vipande kukutana. Dawa yenyewe ilikuwa kupiga risasi upya, kazi ya nusu saa. Lakini ni familia ngapi zilinunua nyingine baada ya kofi kuacha kufanya kazi?

Halafu ikaja miaka ya 2000 katikati. Ulaya wakapenda flati, wakaanza kutupa machogo mazima kabisa, na makontena yakashuka kwetu. Darajani, Kariakoo, Mombasa, kote machogo ya mtumba yakapangwa kama matofali. Bei ikashuka ghafla. Watu waliokuwa hawajawahi kuota kuwa na TV wakanunua. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaoicheka mitumba ya umeme kana kwamba ilikuwa taka tu. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa dada wa kazi, kwa mlinzi, kwa muuza maji, kukaa kwenye kochi lake mwenyewe na kubadili chaneli anayotaka yeye.

Kisha serikali ikaja na tarehe.

Kwa makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi nyingi zikiwemo zetu zilitakiwa ziwe zimeachana na analojia ifikapo Juni 17, 2015. Tanzania haikusubiri. Dar es Salaam ilizimiwa usiku wa Desemba 31, 2012, tukaingia mwaka mpya na chenga nyeupe kwenye kioo, kisha mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Kenya ilikuwa drama zaidi: Februari 2015, Nairobi, mzozo kati ya vituo vikubwa binafsi na mamlaka ukafanya vituo hivyo vitoweke hewani kwa zaidi ya wiki mbili.

Kwa nini haraka yote ile? Kwa analojia, chaneli moja inakula njia nzima ya mawimbi. Kwa dijitali unabana chaneli nyingi kwenye njia ileile, na mawimbi yanayobaki yana soko: sehemu yake ikaja kupewa kampuni za simu kwa ajili ya intaneti. Kwa hiyo ukiwa unaperuzi hapa kwa simu yako, inawezekana kabisa unapita kwenye njia aliyokuwa anapita msoma taarifa ya habari wa zamani.

Sasa hapa ndipo watu walipigwa. Neno "dijitali" likaenea kitaani, na maduka hayakuwa na haraka ya kulifafanua. Kukawa na TV zenye kibandiko kikubwa cha DIGITAL zinauzwa kama mkate wa moto, na chogo zima linauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu eti "limepitwa". Ukweli ni kwamba chogo halikuwa na kosa. Kilichozimwa ni mawimbi. King'amuzi kimoja na ule waya wa vichwa vitatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, vilitosha kabisa, na chogo likaendelea kuonyesha Simba na Yanga kama kawaida. Waliojua walinunua king'amuzi. Ambao hawakuambiwa walinunua TV, kisha wakagundua hata hiyo mpya inahitaji king'amuzi. Hakuna aliyeomba radhi.

Basi, chogo likafa taratibu kwa sababu nyingine, na hii ilikuwa halali: umeme. Chogo la inchi 21 lilikula wati 80 mpaka 100 hivi, flati ya LED ya inchi 32 inakula kama 30 hadi 50. Ukiangalia saa tano kwa siku, ni tofauti ya uniti saba hivi za LUKU kila mwezi, na kioo ni kikubwa zaidi. Hapo hata mimi naungana na waliobadilisha. Kitu kimoja tu tulikipoteza: sauti. Chogo lilikuwa na tumbo, na spika inapenda tumbo. Flati ni nyembamba, sauti yake kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Sabufa imekuwa fanicha ya lazima kwenye kila geto la Afrika Mashariki kwa sababu hiyo, kwa hiyo unapopiga hesabu ya TV mpya, ipigie na hiyo.

Haya, tuje kwako wewe ambaye TV yako imezima wiki hii.

Watu wanasema "TV ya LED" wakidhani LED ndiyo inayotengeneza picha. Siyo. Picha inatengenezwa na kioo cha LCD ambacho chenyewe hakitoi mwanga hata chembe. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo za LED, na hizo ndizo zinazochoka. Zaidi ya hapo, zimeunganishwa kwa mfuatano kama zile taa za Krismasi za zamani: ikiungua moja, mstari mzima unazima. Ndiyo maana TV inazima kioo ghafla huku sauti inaendelea, na unaambiwa "kioo kimekufa, nunua nyingine."

Kabla hujakubali, fanya hivi usiku. Zima taa ya chumba, washa TV, hakikisha unasikia sauti. Kisha washa tochi ya simu, isogeze karibu kabisa na kioo kwa mshazari, uchungulie. Ukiona picha hafifu inatembea mle ndani kama kivuli, kioo chako ni kizima. Zimekufa taa tu. Fundi anazibadilisha kwa sehemu ndogo ya bei ya TV mpya. Mwambie abadilishe mistari yote, asichomeke taa moja iliyoungua, maana zilizobaki zina umri uleule na zitakurudisha kwake baada ya mwezi. Mwambie pia awe mpole, kwa sababu akikivunja kioo wakati wa kukitoa, hapo ndiyo msiba wenyewe. Ikishapona, ingia kwenye menyu utafute mwanga wa taa za nyuma, uushushe mpaka 60 au 70 kati ya 100. Viwandani huwa wanazitoa zikiwaka kwa nguvu ili zipendeze dukani, na nguvu hiyo ndiyo inayozimaliza.

Kama haiwaki kabisa, hata kataa kekundu hakaonekani, mara nyingi ni bodi ya umeme tu. Hii hutokea sana baada ya umeme kukatika na kurudi kwa hasira. Nayo inatengenezeka.

Kama ina ufa wenye michirizi ya rangi kama petroli kwenye maji, pole sana. Mtoto amerusha rimoti, au kochi limeigonga wakati wa kuhama. Kioo ndicho sehemu ghali kuliko zote, na kwa inchi 32 au 43 kukibadilisha kunakaribia kununua mpya. Hapo sina ubishi na wewe.

Kundi la mwisho ndilo linaloniuma, wale ambao TV yao haina hata mkwaruzo ila "imekuwa nzito". TV za smati zimetuletea aina mpya ya kifo. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za smati za Samsung za mwaka 2010 na 2011. Kioo kizima, taa nzima, sauti nzima, ila programu imemkataa mwenye nyumba. Ni hadithi ileile ya 2012, safari hii aliyezima mawimbi yuko ng'ambo na hakutoa hata tangazo redioni. Na dawa ni ileile: kijiti au kiboksi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI. TV inabaki kuwa kioo, akili inakaa nje, na akili ikizeeka unabadilisha akili peke yake.

Ndiyo maana msimamo wangu kwa mtu wa geto mwenye laki tatu uko wazi. Nunua inchi 32 ya kawaida, isiyo smati, ya kampuni ambayo bodi na taa zake fundi wa mtaani kwako anazipata, kisha baadaye uongeze kijiti. Najua inchi 43 inapendeza ukipiga picha ya chumba. Lakini kitandani hadi ukutani una mita mbili na nusu, mtu wangu, unataka kuhesabu vinyweleo vya msoma habari?

Kuna sababu ya kiwandani pia kwa nini 32 ni rahisi. Vioo hivi havitengenezwi kimoja kimoja. Vinakatwa kutoka kwenye karatasi kubwa ya kioo kama vile fundi cherehani anavyokata kitenge, na anayejua kupanga vipande hapotezi kitambaa. Karatasi ya aina moja maarufu, yenye upana wa mita 2.2 kwa 2.5, inatoa vipande 18 vya inchi 32, au sita vya inchi 55, karibu bila mabaki. Saizi zinazokaa vizuri kwenye karatasi ndizo zinazojaa sokoni na kushuka bei. Na viwanda vya kukata hivyo vioo duniani ni vichache, vingi siku hizi viko China, vinawauzia wenye majina makubwa na wenye majina ambayo umeyasikia kwa mara ya kwanza jana. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya TV mbili za inchi 32 mara nyingi iko kwenye bodi, kwenye ubora wa taa na kwenye waranti, kuliko kwenye kioo chenyewe. Muuzaji akikwambia "hii kioo chake ni original, ile siyo", tabasamu, halafu muulize waranti inashughulikiwa wapi na nani.

Dukani nenda na futi ya fundi cherehani. Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, kwenye sehemu inayowaka tu, siyo fremu. Inchi 32 ya kweli itakupa kama sentimita 80. Ukipata 70, umeshikishwa kitu kingine. Neno 4K nalo lichunguze. 4K ya kweli ni kioo chenye vitone 3840 kwa 2160, na kwenye inchi 32 za bei chee huikuti. Utakuta kibandiko kinachosema TV "inakubali" 4K, maana yake inaweza kuipokea video hiyo na kuishusha mpaka kiwango cha kioo chake, ambacho kwa kawaida ni 1366 kwa 768. Ni sawa na daladala kukubali abiria mia: watapanda wangapi?

Ukiamua smati, usinunue kwa kuambiwa "ni Android". Kuna Android iliyotengenezwa kwa TV na kuidhinishwa, na kuna ile ya simu iliyosukumiziwa kwenye TV. Hiyo ya pili Netflix huwa inaikataa au inakupa picha ya ukungu. Washa intaneti ya simu yako palepale dukani, iunganishe TV, fungua YouTube na Netflix, uangalie dakika tano. Muuzaji akinuna, duka la pili liko mlango unaofuata.

Mtumba wa flati nao upo, na siusemi vibaya. Inchi 40 ya jina kubwa iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko 32 mpya ya ajabuajabu. Ila beba flashi yenye picha moja nyeupe tupu na nyingine nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona madoa na kona zilizochoka, kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja. Dakika mbili zinatosha.

Na wale wenzetu wa mashamba ambako nguzo ya umeme haijafika? Nao wana historia yao, na ni tamu. Kabla ya haya yote kulikuwa na Great Wall, kale ka-TV keusi na cheupe ka inchi 14 kutoka China. Kijijini, hasa Kenya, kaliangaliwa kwa betri ya gari. Betri inapelekwa senta kuchajiwa kwa baiskeli, Jumamosi inarudi, wikiendi nzima kijiji kiko kwenye nyumba moja. Jumatatu imekwisha. Leo kampuni za sola za kulipa kidogokidogo, M-KOPA ya Kenya ikiwa mojawapo, zimewapelekea watu flati za volti 12 na malipo ya kila siku kwa simu. Cha kuchekesha ni kwamba Wamarekani wenye magari makubwa ya kulala, yale ya kutalii na nyumba nzima mgongoni, wanatafuta TV ya volti 12 hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo: umeme uko kwenye betri. Bibi wa Kitui na mstaafu wa Arizona wana shida moja.

Hapa kuna mtego wa kitaalamu. TV nyingi ndogo, za inchi 19 mpaka 24, zina adapta ya nje, na ukisoma adapta imeandikwa inatoa volti 12. Mtu anasema kumbe naweza kuiunga moja kwa moja kwenye betri! Ngoja. Betri inayoitwa ya volti 12, jua likiwa kali na sola inachaji, inapanda mpaka volti 14 na zaidi. TV iliyotengenezwa kwa sola inalijua hilo, ile ya adapta huenda haijui, na itakufa mchana kweupe. Weka kidhibiti cha volti katikati, au tumia inveta ndogo ukubali kupoteza umeme kidogo njiani.

La mwisho ni kwa wenye ndugu Marekani. Shemeji anakupigia simu kwa furaha: huku kuna punguzo, TV inchi 55 bei ya kutupa, naiweka kwenye kontena. Mshukuru, halafu mwambie aigeuze mgongo akupigie picha kibandiko cha nyuma. Kikisema AC 100–240V, iletwe. Kikisema 120V peke yake, na nyingi zinazouzwa kule ndivyo zilivyo, hiyo ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 itawaka mara moja tu, na moshi juu. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, uongeze bei yake kwenye lile punguzo. Na hata ikiwaka salama, sehemu yake ya kunasa matangazo ya antena ni ya mfumo wa Marekani, hainasi chaneli hata moja ya kwetu. King'amuzi tena, kama 2012.